Ukanda wa Mlango wa Kushoto

Leo nimeshinda barazani hapa Tororo na kipande cha chuma chembamba mapajani. Ni ukanda wa pambo wa mlango wa kushoto wa pikapu ya marehemu baba, Datsun 620, ule uliobonyea siku alipokwaruza nguzo ya geti akipakia magunia ya mahindi.

Baba alikuwa mtu wa Datsun tangu 1973, Shekhar Mehta aliposhinda Safari Rally kwa Datsun 240Z. Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda, na ushindi huo ulikuja miezi michache tu baada ya Amin kuwafukuza Waasia. Baba akifika hapo kwenye hadithi yake alishusha sauti, hata miaka ambayo hapakuwa tena na wa kumwogopa.

Mwanzoni nilitaka kununua mpya. Nikazunguka Kisekka, soko la vipuri la Kampala, nusu siku, nikaishia kuuziwa ukanda wa plastiki uliopakwa rangi ya fedha, wa kubandika kwa gundi. Jua likaukunja kabla mwezi haujaisha. Iliniuma, maana gari lile halikustahili kuvalishwa vile.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa Katwe, mtaa wa mafundi chuma huko huko Kampala. Aliushika ule wa zamani, akaukwaruza kwa ncha ya msumari.

"Mwanangu, hii si nikeli. Nikeli ni ngozi tu, ikichubuka chuma cha chini kinashika kutu. Hii ni stenlesi, ndani na nje ni ile ile. Piga msasa, itarudi."

Basi nimefuata alivyonielekeza. Ukanda nimeulaza kifudifudi juu ya ubao wa mvule, nikagonga bonde lile kwa upande wa ndani na nyundo ndogo, taratibu mno, kwa sababu ukitumia nguvu chuma kinatanuka na hakirudi tena. Kisha nikaupaka wino wa kalamu nene usoni na kupitisha msasa mara moja. Panapong'aa ni kilima, wino unapobaki ni shimo. Unageuza, unagonga tena, unapaka tena. Saa nne zimekwenda kwa bonde la urefu wa kidole! Baada ya hapo msasa wa maji, namba 400, 800, 1500, halafu dawa ya kung'arishia na kitambaa cha fulana kuukuu.

Vibanio vya zamani vilikuwa vimeliwa na kutu, nimeweka vipya na kupaka grisi kwenye kila tundu ili maji yasitue humo.

Lakini kilichonisimamisha ni mlango wenyewe. Nilipofuta tope lililojificha nyuma ya ukanda miaka yote hiyo, nikakuta mstari wa bluu ya kiwandani, mbichi kabisa, haujawahi kuonja jua. Sehemu nyingine zote zimepauka kama jivu. Nilikuwa nimesahau kwamba gari hili lilikuwa bluu namna ile.

Nimeupiga picha mstari huo kabla ya kuufunika. Ukanda wa kulia nitaufungua Jumamosi.