Ninavyopima sensa za ABS kabla ya kubadili chochote

Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasifunge unapokanyaga breki) ikiwaka na skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, ikatoa msimbo wa hitilafu unaotaja sensa ya mwendo wa gurudumu la mbele kulia, sikimbilii kununua sensa. Msimbo ule unaituhumu njia nzima: sensa, waya, soketi na pete inayozunguka na gurudumu, ambayo sensa huisoma.

Naanza barabarani. Mwenzangu anaangalia skana mwendo wa magurudumu yote 4 huku naendesha polepole. Moja likibaki sifuri muda wote, nashuku waya au soketi. Likisoma vizuri kisha likaanguka sifuri mapema kuliko wenzake gari linapokaribia kusimama, ishara ni dhaifu, na hapo mara nyingi sensa yenyewe ni nzima.

Sensa za koili, zile za zamani, nazipima kwa omu, yaani ukinzani wa umeme. Nyingi husoma kati ya 800 na 2,500, lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni cha sensa ya upande wa pili wa ekseli hiyohiyo. Naendelea kuutikisa waya karibu na shokapu, unapojikunja kila usukani unapokatwa. Namba ikirukaruka, nimeshaona ulipovunjikia. Kisha naweka mita kwenye volti za AC na kuzungusha gurudumu kwa mkono, mzunguko mmoja kwa sekunde. Nategemea angalau volti 0.1, nayo ipande nikiongeza kasi.

Sensa za kisasa zenye saketi ndani sizipimi omu kabisa: jibu halina maana, na mita inaweza kuziharibu. Nachomoa soketi, nawasha swichi na kupima upande wa gari. Kwa kawaida umeme unakaribia ule wa betri. Ukiwepo, naunganisha sensa na betri ya volti 12 kupitia rezista (kipingamizi cha umeme) ya omu 100, wati 2, nikichunga chanya na hasi. Nikizungusha gurudumu taratibu sana, volti kwenye rezista zipishane takriban 0.7 na 1.4, maana sensa inabadili mkondo kati ya miliampia 7 na 14. Ikiganda kwenye moja, ama sensa imekufa ama pete haisomeki.

Kutu ndiyo inayodanganya wengi. Hujijenga chini ya kikalio cha sensa, tabaka juu ya tabaka, na kuinyanyua. Nafasi inayotakiwa kuwa milimita 1 hivi ikikua kidogo tu, ishara inafifia. Naichomoa bila kuigonga nyundo, nasugua kikalio kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, nafuta chembe zilizonasa kwenye ncha.

Pedali ikitetemeka gari linaposimama kwenye lami kavu, taa ikiwa haijawaka, naitafuta pete ya meno iliyopasuka: ufa hupanua pengo moja, na kompyuta huhisi gurudumu linafunga.

Beringi yenye pete ya sumaku ni suala la upande. Ikiingizwa kinyume, sensa haioni kitu. Upande wa sumaku hauonekani kwa macho, kwa hiyo nautambua kwa kadi ya kuonyeshea sumaku kabla ya kuipresi, na siilazi mezani penye vumbi la chuma.