Simu isiyojua sikio liko wapi

Mimi ni fundi cherehani, na wateja wangu hawaandiki. Wanatuma sauti. Huyu anataka mkono upunguzwe, yule ameghairi kola, mwingine anaeleza kwa dakika tatu nzima jinsi mshono wa kiunoni unavyombana akikaa, kisha anatuma sauti ya pili kusema ile ya kwanza niisahau. Nasikiliza huku mkono mmoja umeshika nguo na simu iko sikioni, mara nyingi nimeibana kwa bega.

Kwa hiyo niliponunua simu mpya, mahitaji yangu hayakuwa mengi. Kioo kikubwa kidogo kwa sababu macho yameanza kunidai, betri ya kushinda nayo kutwa, na nafasi ya kuhifadhi picha za mitindo. Vyote nilivipata, na ziada juu yake: kioo kinachojichora upya mara 120 kwa sekunde, ukipandisha picha zinateleza mpaka raha, na kamera iliyoandikwa megapikseli 200 kwa herufi kubwa kwenye boksi. (Ukipiga picha ya kawaida inatoka ya megapikseli 12.5, kwa kuwa simu inaunganisha vitone 16 kuwa kimoja. Boksi halikusema hilo, lakini picha ni nzuri, sina ugomvi.)

Ugomvi ulianza mteja mmoja aliponitumia vipimo vyake vipya. Sauti ilianza na “Fundi, hii ni yako peke yako.” Nikainua simu sikioni nilivyozoea. Ilipaswa kioo kizime, sauti ihamie kwenye spika ndogo ya juu, mambo yawe ya watu wawili. Badala yake spika kubwa ya chini iliendelea kutangaza: kiuno kimeongezeka kiasi gani, tangu lini, na kwamba mumewe asijue gauni linaachiwa. Kwenye benchi walikuwa wamekaa wateja wawili. Mwanafunzi wangu aliinamia cherehani yake akajifanya anatafuta sindano iliyoanguka.

Nilidhani ni bahati mbaya. Ikarudi tena, na tena. Upande wa simu za kupigiwa hali ilikuwa mbaya zaidi, maana kioo kinabaki kinawaka na shavu langu linabonyeza chochote linachokikuta. “Haloo? Fundi? Mbona umenyamaza?” Kumbe shavu limezima maikrofoni. Mara nyingine limemweka mtu kwenye kusubiri, na siku moja lilifungua kikokotoo likaanza kupiga hesabu zake.

Kabla ya kulaumu simu nilishuku protekta, kwa kuwa zile nene au zisizokatwa sawasawa huziba sehemu ya juu ya kioo. Nikaibandua. Nikafuta kioo, nikazima na kuwasha, nikasasisha programu zote, nikaiwasha katika hali salama ambayo programu za kuongeza hazifanyi kazi, ili nijue kama kuna mojawapo inayoharibu. Hakuna kilichobadilika. Ndipo nikakaa kusoma sifa za simu yangu mstari kwa mstari, jambo ambalo sidhani kuna anayelifanya akiwa na furaha.

Simu nyingi zina kihisi kidogo juu ya kioo, karibu na spika ya sikioni. Kinatoa mwanga wa infraredi ambao jicho halioni. Mwanga huo ukigonga shavu na kurudi, simu inajua kuna kitu kimesogea karibu, inazima kioo. Kwenye baadhi ya simu kimefichwa chini ya kioo chenyewe, na ukiongea gizani unaweza kuona kidoa cheupe kinapepesa hapo juu. Ni kifaa kidogo sana na hakuna anayekisifia kwenye tangazo.

Simu yangu mpya haikuwa nacho. Mtengenezaji alikuwa amekiondoa na kuiachia programu kazi ya kukisia. Simu za namna hiyo hutazama kama zimeinuliwa kwa mwendo wa kwenda sikioni na kama kuna kitu kinagusa kioo upande wa juu. Nyingine hutoa mlio mwembamba usiosikika kwa binadamu kupitia spika ya sikioni, halafu maikrofoni inasikiliza mwangwi wake. Kwenye orodha ya sifa inaitwa kihisi pepe cha ukaribu. Mtu unaona neno kihisi, unaridhika, unaendelea kusoma habari za kamera.

Ukisimama wima ukainua simu kwa adabu kutoka mezani hadi sikioni, inakisia vizuri kabisa. Nadhani hivyo ndivyo walivyoijaribu. Mimi naichukua nikiwa nimeinamia meza ya kukatia, nabonyeza sauti simu ikiwa nusu njia, naifikisha sikioni ikiwa imelala upande, kisha bega linainuka kuishika. Kwa mwendo huo simu haioni kitu cha kuitwa sikio.

Mpwa wangu, ambaye ndiye mshauri wangu wa mambo haya hata nisipomwomba, alisema nisiwe na haraka. “Shangazi, subiri sasisho.” Akanipa mfano wa iPhone 4 ya mwaka 2010. Watu walilalamika kwamba shavu linakata simu, Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, akalizungumzia tatizo hilo mbele ya waandishi wa habari mwezi Julai, na Septemba ikaja iOS 4.1 na marekebisho. Simu ile ile, programu mpya, mambo yakakaa sawa.

Hoja hiyo ilinishika kwa siku kadhaa, kwa sababu ni ya kweli. Lakini nikiitazama vizuri, inanielekeza kuirudisha simu. iPhone 4 kihisi kilikuwemo ndani. Kilichokuwa kibovu ni maamuzi ya programu juu ya kile kihisi kinachokiona, na maamuzi hayo yanaweza kusahihishwa kutoka mbali. Yangu haina cha kuona. Sasisho linaweza kuifanya ikisie kwa ustadi zaidi, na nawaombea heri watakaobaki nayo. Halitaniwekea kifaa ambacho kiwandani hakikuwekwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuyapanga malalamiko yangu yote, maana nilikuwa nayo mengine. Kitufe cha kuwashia kilikuwa upande nisiouzoea. Hilo ni la vidole, vitajifunza. Alama ya kidole ilikuwa inakataa mara kwa mara. Nikaisajili upya bila protekta, kisha nikasajili kidole kile kile mara ya pili, ikatulia. Betri siku za mwanzo iliisha mapema, na hilo watu wengi hulikosea: simu mpya inakuwa inashusha programu, inapanga picha, inajijengea orodha za utafutaji, na tangu Android 9 ya mwaka 2018 inajifunza pia ni programu zipi unazitumia na zipi zinakaa bure. Kuhukumu betri siku ya kwanza ni kuionea. Baada ya wiki ilikuwa inafika usiku bila shida.

Haya yote yalikuwa ya kupita au ya kurekebisha. La kihisi peke yake lilibaki pale pale.

Bado nilitaka kuhakikisha jambo moja: je, ni simu yangu ndiyo mbovu, au ndivyo zilivyo zote? Tofauti ni kubwa. Ikiwa ni moja tu iliyotoka na kasoro, unabadilishiwa nyingine ya aina ile ile na kazi imekwisha. Ikiwa ni muundo, ukibadilishiwa umejipa safari ya bure. Nilikwenda dukani nikaomba ile ya maonyesho, nikarekodi sauti yangu humo, nikaicheza nikiwa nimeinama juu ya kaunta na simu begani. Muuzaji alinitazama kwa wasiwasi. Sauti yangu ilisikika duka zima. Sawasawa na yangu.

“Mama, hii si mbovu,” akasema. “Ndivyo ilivyotengenezwa.”

Alisema kweli, na kauli hiyo ina uzito wake. Sheria nyingi za kumlinda mnunuzi zinatenganisha kitu kibovu na kitu usichokipenda. Uingereza, kwa mfano, sheria yao ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 kukataa bidhaa yenye kasoro. Umoja wa Ulaya unatoa siku 14 za kurudisha bila kutoa sababu yoyote, lakini kwa ulichonunua kwa mbali, mtandaoni mathalani. Ukiingia dukani kwa miguu yako, ukaishika, ukalipa, kuirudisha kwa sababu tu haikufai kwa kawaida kunategemea masharti ya duka. Masharti yangu yalikuwa nyuma ya risiti kwa maandishi madogo: wiki mbili, boksi liwepo, vilivyomo vyote viwepo, simu isiwe na mchubuko. Siku zilikuwa zimebaki chache.

Nikasita tena, na sababu yake sikuielewa mpaka mteja wangu mmoja anayefundisha saikolojia aliponisimulia nikiwa nampima mabega. Alisema watafiti wawili, Daniel Gilbert na Jane Ebert, walichapisha mwaka 2002 utafiti juu ya wanafunzi wa upigaji picha wa Harvard. Kila mmoja alisafisha picha zake mbili akatakiwa kuchagua moja ya kubaki nayo. Baadhi waliambiwa wanaweza kubadili mawazo kwa siku chache, wengine wakaambiwa wakishachagua basi. Walioweza kubadili hawakuzipenda picha zao kama wale wengine walivyozipenda zao. Moyo haukai kwenye kitu ambacho mlango wake wa kurudisha uko wazi.

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimechanganyikiwa kabisa. Kwa hesabu hiyo, huenda simu ilinikera kwa sababu tu nilikuwa na risiti kwenye pochi. Nikajaribu kujiuliza kwa namna nyingine: laiti duka lisingerudisha kitu, ningeizoea? Kioo ningekipenda zaidi, kitufe ningekisahau. Lakini wateja wangu wangeendelea kutangaziwa viuno vyao kwenye benchi, au ningehamia kusikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni na kumkosa anayegonga mlango. Mtu anaweza kuzoea simu yake. Sina haki ya kumzoesha mteja kusikika hadharani.

Basi nikairudisha, na haikuwa kazi kubwa kwa sababu ya jambo moja nililolifanya mwanzoni: sikuihamisha namba yangu ya WhatsApp. Tangu mwaka 2023 unaweza kuiunganisha simu ya pili na akaunti ile ile, kwa hiyo simu ya zamani ilibaki mama wa akaunti na mpya ikawa mgeni tu. Laini niliihamisha, ujumbe wa wateja haukwenda popote. Programu ya benki nayo niliiacha kwenye ya zamani. Ukihamisha kila kitu siku ya kwanza, uvivu wa kuvirudisha ndio unaokuamulia.

Kuifuta kuna utaratibu wake. Kwanza ondoa akaunti ya Google ndani ya mipangilio, ondoa na kufuli ya kioo, halafu ndipo uifute yote. Tangu Android 5.1 kuna ulinzi dhidi ya wezi: simu ikifutwa kwa nguvu kabla ya akaunti kuondolewa, ikiwaka inadai jina na nywila ya mwenye simu, na duka litaikataa. Za Apple zina kufuli yao ya namna hiyo tangu iOS 7. Nilipomaliza niliiwasha mpaka nikaona imeniuliza lugha bila kuniuliza mimi ni nani, nikaizima. Nikatoa laini. Kadi ya kumbukumbu muuzaji ndiye aliyeikumbuka, akanipa.

Niliyochukua badala yake ni ya toleo lililopita, ya kampuni nyingine. Niliijaribu dukani kwa kuinama vile vile, na safari hii muuzaji mwenyewe ndiye aliyeniwekea rekodi. Ukipitisha kiganja juu ya kioo wakati wa simu, kinazima. Ukikiondoa, kinawaka. Ni nzito kuliko ile, picha za usiku zina chengachenga, na masasisho ya usalama yataisha mapema zaidi. Mpwa wangu anasema nimerudi nyuma. Nimempa kazi ya kunitafutia protekta iliyoachwa tundu pale juu, na mpaka ailete kioo kinabaki wazi, pini zote zinakaa upande wa pili wa meza.