Kwa Nini Nimerudi kwenye Foki Ngumu

Nilipoinunua baiskeli yangu ya milimani, ya mtumba, kilichonivutia kwanza kilikuwa foki yake (uma unaoshika gurudumu la mbele) yenye shokapu, kwa kuwa niliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba baiskeli isiyonesa mbele haistahili kuitwa ya milimani. Imenichukua misimu miwili ya masika katika njia za Lushoto kutambua kwamba nilikuwa nikipandisha mlimani chuma kisichonisaidia.

Foki ile ilikuwa ya springi, ya bei ya chini, na ilizidi kilo mbili na nusu, ilhali foki ngumu ya chuma, yaani isiyo na shokapu, huwa na uzito wa takribani kilo moja. Uzito huo ningeuvumilia kama ningepata ulaini. Lakini foki nyingi za bei hiyo hazina oili ya kutuliza springi, hivyo ukigonga jiwe inabonyea, kisha inarudi kwa kishindo na kuurusha usukani. Na ukisimama juu ya pedali wakati wa kupanda, sehemu ya nguvu zako huishia kuibonyeza foki badala ya kulisukuma gurudumu. Vumbi jekundu la kiangazi lilipenya kwenye sili (raba za kuzuia uchafu), matope yakamalizia kazi, na kufikia mwaka wa pili ilikuwa imekwama kabisa. Yaani tayari nilikuwa naendesha foki ngumu, ila ya kilo mbili na nusu!

Foki nzuri ya hewa siwezi kuisema vibaya. Huijaza kwa pampu yake maalumu kulingana na uzito wako, mpaka ukikaa juu ya baiskeli ibonyee kama robo ya mwendo wake (umbali wote inaoweza kubonyea), na kasi ya kurudi huirekebisha mwenyewe. Kwenye mteremko wa mizizi na mawe, gurudumu hubaki ardhini na breki hushika. Hata hivyo, watengenezaji hushauri miguu yake ya chini ifunguliwe, isafishwe na kutiwa oili mpya kila baada ya saa 50 hivi za kuendesha, na fundi wangu, mtu anayenyoosha rimu kwa macho tu, hana sili hizo wala pa kuziagiza karibu.

Nikachagua foki ngumu ya chuma. Hapa nilikaribia kukosea, kwa sababu nilitazama ukubwa wa gurudumu na unene wa shingo yake, nikasahau urefu wa kutoka ekseli hadi pale foki inapokutana na fremu. Ukiondoa foki ya shokapu yenye mwendo wa milimita 100 na kuweka ngumu iliyo fupi mno, mbele hushuka, usukani huwa mwepesi kupita kiasi na pedali hugonga mawe. Zipo zilizorefushwa makusudi kwa ajili ya kubadilishia; yangu ni fupi kwa sentimita mbili tu kuliko ile ya zamani, tofauti ambayo shokapu ingeipoteza yenyewe kwa kubonyea chini ya uzito wangu.

Fedha iliyobaki ilinunua tairi la mbele la inchi 2.4, ambalo nalijaza upepo kidogo kuliko zamani, nalo humeza kokoto na matuta madogo vizuri kuliko ile springi ilivyowahi kufanya. Mashimo makubwa halimezi. Nikishuka kutoka Irente hulazimika kuchagua njia mapema na kukunja viwiko, na nikifika mjini vidole huwa vimekufa ganzi.