Mkono juu ya komeo

Saa nane usiku na usingizi umekataa. Wiki ya tatu hii nahangaika na hadithi yangu ya upelelezi, ile ya mji mdogo na fundi saa aliyekutwa amekufa kibarazani kwake. Muuaji namjua tangu ukurasa wa kwanza. Anayeninyima usingizi ni jirani, mama aliyesikia ukelele usiku ule, akaenda mlangoni, akashika komeo, asifungue.

Katika mji kama ule watu hutambuana hata kwa kikohozi gizani. Kwa hiyo maiti ikishaonekana, kila mmoja anakumbuka dalili: fulani alinyamaza mno, fulani aliaga vibaya. Kisha wanafarijiana: siku zake zilifika, liandikwalo halifutiki. Nilipoyasoma maneno hayo upya niligundua kwamba wasemaji wote nimewaweka miongoni mwa waliosikia ukelele. Sikukusudia. Yalijipanga hivyo, na yamenichoma.

Mimi sipuuzi majaaliwa. Sikuchagua wazazi wangu, wala lugha ninayootea ndoto. Nimesoma pia jaribio la mwaka 1983 la Benjamin Libet, mtafiti wa ubongo: watu waliambiwa wakunje mkono wakati wowote watakao, huku wakitazama nukta inayozunguka kwenye saa, waseme ilikuwa wapi walipohisi nia. Ubongo ulianza kujiandaa karibu nusu sekunde kabla ya tendo. Nia yenyewe waliihisi kama moja ya tano ya sekunde tu kabla. Wengi waliona hapo hiari imezikwa. Libet mwenyewe hakuizika. Alisema katika ule upenyo mdogo mtu bado anaweza kuuzuia mkono. (Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walipendekeza kwamba huenda maandalizi yale ni mawimbi tu ya kawaida ya ubongo, yanayopanda na kushuka hadi yavuke kiwango fulani, ndipo tendo litokee.)

Moja ya tano ya sekunde! Mama yangu wa hadithi nilimpa dakika nzima, na bado nikamtetea. Nilileta mvua isimruhusu kusikia vizuri. Nilimpa mtoto mwenye homa, nikamzimia taa, nikamkumbusha ugomvi wa zamani na fundi. Sababu juu ya sababu, mpaka asiwe na jinsi ila kurudi kitandani. Ndiyo maana sura ile ilikuwa imekufa. Mwanadamu hakuwamo, nilikuwamo mimi tu na kamba zangu.

Usiku huu nimefuta kurasa mbili. Mvua nimeikatiza, mtoto amepona, taa inawaka. Mama amesimama, chuma cha komeo ni baridi kiganjani, na kutu imemganda kwenye kidole gumba. Nje ukelele umekuja mara ya pili, mdogo kuliko wa kwanza.

Nimeweka kalamu chini. Namsubiri.