Ile kelele ya feni

Jana jioni mtoto kaniuliza, "Baba, mbona kompyuta yako inahema?" Nilikuwa nimefungua mashine pepe mbili kwa pamoja (VM, yaani kompyuta za kuigiza zinazokaa ndani ya kompyuta halisi), feni imeshaanza kupandisha, mimi hata siisikii kwa mazoea, ila aliposema "inahema" mikono ikasimama. Nikajikuta niko Magomeni, Aprili 2020, kile chumba cha uani, mvua inapiga bati na mjomba kakaa pembeni yangu juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Mjomba ni fundi seremala wa Keko, kiti hakitaki. Siku ile alikuja kuangalia mchoro wa kabati la jikoni, mteja wake alisema hatoi kianzio mpaka aone picha, basi mimi nikawa nachora kwenye Blender, programu ya kuchora vitu vya 3D. Jioni Msimbazi ukafurika, Jangwani pakafungwa, mjomba akalala kwangu.

Laptopu yenyewe ilikuwa ya dada. Ya kwangu ilishakufa, kwa hiyo Ubuntu yangu, ule mfumo ninaoutumia badala ya Windows, na kazi zangu zote nilizihamishia ndani ya VirtualBox, programu ya kuendesha VM, kwenye Windows yake, na nilimwapia kwamba sitagusa kitu chochote nje ya folda moja maana humo mna mahesabu ya duka lake. Najua mtauliza kwa nini sikuweka Blender moja kwa moja kwenye Windows, ndo hivo, niliahidi.

Sasa kabati lilikuwa haligeuki. Yaani linageuka, lakini ukivuta kipanya linakaa, linakaa, halafu linaruka kama limesukumwa, na feni inalia. Nikaongeza RAM, hamna kitu. Memori ya video ilikuwa MB 16, nikaipeleka 128, hamna kitu. Nikaweka upya Guest Additions, vile viongezi vya VirtualBox vinavyokaa ndani ya VM, nikawasha upya, vilevile. Mjomba haongei, anaangalia tu, penseli iko sikioni na ile harufu yake ya vanishi.

Mwishoni nikaandika glxinfo -B kwenye terminali, amri inayokuonesha ni nani anayechora skrini, kitu ambacho ningekifanya mwanzo kabisa kabla ya kugusa chochote, na kila anayeniuliza siku hizi kuhusu VM nzito namwambia aanzie hapo. Ikanijibu kwenye mstari wa renderer: llvmpipe. Anayejua anajua. Maana yake hamna kadi ya grafiki inayofanya kazi humo ndani, kila nukta unayoiona kwenye skrini prosesa ndo inaipigia hesabu yenyewe. Na kilichoniuma ni kwamba hakuna mahali ilipoandika kuwa imeshindwa. Hamna ujumbe mwekundu wala dirisha la kosa, imekosa kadi ikabeba mzigo wote kimya kimya, dalili pekee ni feni.

Nikazima VM, nikaingia setingi za display, kumbe kile kiboksi cha 3D, kinachoiruhusu VM itumie kadi ya grafiki ya laptopu, hakina tiki. Nikaweka tiki, kontrola ya grafiki nikaiacha VMSVGA, nikawasha. Ubuntu ikawa laini, madirisha yanateleza, glxinfo sasa inasema SVGA3D, yaani ile 3D ya VirtualBox imeshika. Nikamwambia mjomba tayari. Nikafungua Blender ikagoma kabisa kufunguka, inadai OpenGL, ile lugha ambayo programu hutumia kuiagiza grafiki ichore, toleo la 3.3 au zaidi.

Hapo nilikaa muda mrefu. Ikabidi nisome tena ile glxinfo mstari kwa mstari ndo nikaona: ile 3D ya VirtualBox kwa toleo nililokuwa nalo ilikuwa inaishia OpenGL 2.1. Ile llvmpipe nzito, inayofanya kila kitu kwa prosesa, inafika 3.3. Kwa hiyo ukizima 3D Blender inafunguka ila inatambaa, ukiwasha 3D kila kitu kinakimbia isipokuwa hicho kimoja unachokitaka. Kule chini ya dirisha kulikuwa na alama ya kobe wa kijani pia, ile inayokuambia VM imepanda juu ya Hyper-V, mfumo wa Windows yenyewe wa kuendesha VM, na ndo maana inavuta miguu, lakini kumwondoa kobe inabidi ubadilishe kitu kwenye Windows yenyewe, na pale ningekuwa nimevunja kiapo. Nikamwacha.

Nilichofanya: Blender yangu ilikuwa 2.82, ila ile ya zamani, 2.79, inaridhika na OpenGL 2.1. Nikazima 3D, nikafungua mchoro kwa mwendo ule wa kutambaa, nikautoa kama faili la OBJ, ambalo hata Blender ya zamani inalisoma, nikawasha 3D tena, nikashusha 2.79 kwa bando lililobaki, nikaliingiza kabati humo. Rangi zilipotea, nikapaka upya ile ya mninga harakaharaka. Ilikuwa kama saa saba usiku. Nikashika kipanya, nikavuta, kabati likazunguka lote bila kukwama hata mara moja, kama mlango wenye bawaba mpya. Nilifurahi jamani. Nikalizungusha tena na tena, nikageuka kumwangalia mjomba.

Akasema, "Mjomba, rudisha ile ya mwanzo."

"Ipi?"

"Ile iliyokuwa inasimama vituo."

Nikamweleza kwamba ile ndo ilikuwa mbovu, hii ndo nzima, nimehangaika usiku kucha kuipata hii. Akatikisa kichwa. "Hii inapita kabla sijaiona. Ile ilikuwa inanisubiri."

Ndo nikamwangalia vizuri. Alikuwa kaziba jicho la kushoto kwa kiganja, kama mtu anayepimwa, na uso kausogeza karibu na skrini mpaka mwanga ule wa kijivu umemjaa kwenye paji na kwenye vumbi la mbao lililobaki kwenye nyusi. Nilipomwona akashusha mkono. Halafu akaurudisha, taratibu, kama mtu aliyeamua kwamba basi. Kwenye jicho lile alilolifungua, katikati ya mboni, palikuwa na weupe kama tone la maziwa kwenye maji. Nilikuwa nakaa naye tangu saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nakutana naye kila wiki. Mchoro wenyewe alianza kuniomba mwaka ule, miaka yote alikuwa anachora kwa penseli juu ya kipande cha plaiwudi na mteja anaelewa, na mimi niliona fahari kwamba mjomba kakubali kompyuta.

Sikusema kitu. Laptopu ya dada ilikuwa na vitufe vya namba pembeni, na kwenye Blender ukibonyeza 6 pale, mchoro unageuka digrii 15 halafu unasimama. Nikabonyeza. Likageuka, likasimama. Nikasubiri. Akapitisha kucha ya kidole gumba kwenye ukingo wa kabati juu ya kioo, kutoka juu mpaka chini, kama anavyopitisha kwenye ubao kuangalia kama umenyooka. "Haya." Nikabonyeza tena. "Haya." Mara 24 mzunguko mzima, na kati ya kila kituo na kingine mvua tu na feni. Kwenye kituo cha saba, au cha nane, kidole kikagoma.

"Huu mlango utagonga bomba la sinki."

Nikapima. Kweli, bawaba nilizipanga upande wa kulia, ukifungua mlango unakutana na bomba. Mimi nilishalizungusha lile kabati mara mia na sikuona. Nikahamisha bawaba, tukaanza mzunguko upya.

Tulipomaliza akanyoosha mgongo, akasema, "Usimwambie mke wangu." Nikasema sawa mjomba.

Mteja alipenda, kianzio kikatoka, kabati likatengenezwa, hayo hayana hadithi. Laptopu nikairudisha kwa dada na nikamwonesha kwamba nimefuta folda moja tu. Ila lile la "sawa mjomba" ndo limenibakia. Nililishika miezi, na miezi yote hiyo mjomba alikuwa anasimama mbele ya msumeno wa umeme pale Keko, vidole vyake karibu na meno yale, na mimi nakwenda namsalimia, naangalia mikono yake kwanza kabla ya uso. Mkewe alikuja kujua mwenyewe, alimwona anamimina chai pembeni ya kikombe. Mwaka uliofuata alifanyiwa upasuaji, mtoto wa jicho, likaanza moja halafu la pili, na anaona vizuri. Watu wananiambia basi yameisha. Mimi sijui kama usiku ule nilimtunzia heshima yake au nilimwacha peke yake, nikifikiria vile vidole naona la pili, nikikumbuka jinsi alivyorudisha kiganja kwenye jicho mbele yangu naona la kwanza.

Mtoto nilimjibu kwamba kompyuta inahema kwa sababu imebeba kompyuta nyingine mbili ndani yake. Akakubali, akaenda zake.

Nikampigia mjomba palepale, nikamuuliza kama anakumbuka usiku wa mchoro, lile kabati, zile digrii 15.

"Kabati silikumbuki," akasema. "Nakumbuka ile mashine ilivyokuwa inalia. Nilikuwa naiambia moyoni, vumilia kidogo, bado upande mmoja."