Nilivyolilea tumbo langu wiki za mionzi

Ukiugua saratani, kila anayekuja kukujulia hali anakuja na ushauri wa chakula. Mmoja atakwambia uache nyama, mwingine atakuletea unga kwenye chupa isiyo na jina. Mimi nafundisha baiolojia sekondari, na tangu nilipoambiwa nitapigwa mionzi ya saratani ya puru, yaani kile kipande cha mwisho cha utumbo mpana, swali langu lilikuwa jingine kabisa. Tumboni mwa mtu wanaishi bakteria wasiohesabika. Mionzi ikipita hapo, inawaacha salama? Na wao wanaisaidia au wanaipinga?

Nilitibiwa Ocean Road, Dar es Salaam, nikikaa kwa dada yangu Temeke. Kozi ndefu ya mionzi ya puru kwa kawaida ni mara 25 hadi 28, siku 5 kwa wiki, pamoja na vidonge vya capecitabine, dawa ya saratani, halafu upasuaji unafuata baadaye. Mashine yenyewe haiumi. Unalala, wanakupanga mpaka mistari ya mwanga ikae sawasawa kwenye alama ulizowekewa kwenye ngozi, wanatoka, inavuma dakika chache, basi. Kazi iko benchi, kabla ya kuingia. Choo kikubwa kiwe kimetoka na kibofu kiwe kimejaa, maana kibofu kilichojaa huusukuma utumbo mwembamba juu, ukae mbali na mionzi. Kwa hiyo kila mtu pale ana chupa yake ya maji, anakunywa huku akitazama saa, na hakuna anayethubutu kucheka kwa nguvu.

Kuharisha kulianza mionzi ilipokolea. Nilikuwa nimeshaambiwa. Seli zinazotanda ndani ya utumbo hujibadilisha kila baada ya siku chache, na mionzi huzipiga zaidi seli zinazogawanyika upesi, ziwe za uvimbe au zako nzima. Sasa jaribu kubana kibofu kilichojaa huku tumbo nalo linadai choo.

Kijana wa duka la dawa mtaani kwetu hakuwa na shaka. "Mama, tumbo hilo ni Flagyl tu. Tatu kutwa, siku 5, umemaliza." Nikamshukuru, nikaondoka bila kununua. Flagyl ni metronidazole, dawa inayoua bakteria wasiotaka oksijeni, na utumbo mpana umejaa hao. Miongoni mwao wamo wanaochachusha nyuzinyuzi za chakula na kutoa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Ukuta wangu ulikuwa na vidonda tayari. Sikuona kwa nini niuondolee na mpishi.

Lakini nisiwapambe sana hao bakteria. Mwaka 2005 kulichapishwa majaribio ya panya waliofugwa bila kijidudu chochote tumboni, na matumbo yao yalistahimili mionzi kuliko ya panya wa kawaida. Kuna pia fusobakteria, mkazi wa kinywani ambaye mara nyingi hukutwa ndani ya uvimbe wa utumbo mpana. Kwa panya, uvimbe wenye fusobakteria uliipinga mionzi, na ni metronidazole hiyohiyo iliyoulegeza. Kidonge kimoja, pande mbili! Ndiyo maana sikutaka uamuzi huo ufanyike juu ya kaunta. Nilimweleza daktari, akaagiza choo kipimwe kwanza. Majibu yakaja hakuna maambukizi, nikapewa loperamide, dawa ya kuzuia kuharisha, na pakiti za ORS, nikaambiwa nikipata homa nisisubiri kesho.

Chakula ndicho kilichonichosha akili. Ushauri wa zamani ni kuondoa nyuzinyuzi zote ili utumbo upumzike. Nilimwonyesha daktari utafiti wa hospitali ya Royal Marsden, London, uliochapishwa 2017: wagonjwa 166 wa mionzi ya nyonga, wengine wakila nyuzinyuzi gramu 10 kwa siku au chini, wengine gramu 18 au zaidi, wengine kama walivyozoea. Waliokula nyingi ndio matumbo yao yaliyosumbuka kidogo kuliko ya waliokula kama walivyozoea. Akasema sawa, ila gesi sitaki. Puru ikijaa gesi inasogea, na mashine imelengwa pale ilipokuwa siku ya kupimwa.

Basi dada akapanga upya jiko lake. Maharage na kabichi vikaondoka, kisamvu pia, na dona ikapisha sembe. Vikabaki vyenye nyuzinyuzi laini: ndizi za kupika, boga, karoti iliyochemshwa mpaka inapondeka kwa kijiko, uji wa shayiri asubuhi. Pilipili nayo ikapumzika, na hilo kwa mtu wa Tanga ni adhabu. Maziwa freshi niliyaacha kwa sababu utumbo mwembamba ukiguswa na mionzi hushindwa kusaga sukari ya maziwa, na tumbo linazidi kuendesha.

Maziwa mgando je? Hapo nilibishana na shemeji yangu, anayeamini mgando unatibu kila kitu. Miongozo ya kimataifa inakubali kwamba bakteria jamii ya laktobasili, ambao ni miongoni mwa wanaogandisha maziwa, wanaweza kusaidia kuzuia kuharisha kwa wanaopigwa mionzi ya nyonga. Lakini waliochunguzwa ni bakteria wanaojulikana, kwa kipimo kinachojulikana, si kibuyu cha mtu. Tena chembe nyeupe za damu zikishuka sana, hata hao wema wanaweza kuingia kwenye damu, ingawa ni nadra. Daktari aliangalia picha ya damu yangu, akaniruhusu kikombe kwa siku, wa pakiti, uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Kama ni mgando au ni loperamide iliyonisaidia, hakuna wa kulitenganisha hilo kwa mgonjwa mmoja. Ninachojua ni kwamba sikukosa hata siku moja ya mionzi kwa sababu ya tumbo, na ndicho nilichokuwa nakitafuta, maana kukatiza kozi kunaupa uvimbe nafasi.

Mionzi ilipoisha, tumbo halikutulia siku ileile. Liliendelea kusumbua wiki kadhaa, likipungua polepole. Loperamide niliiacha kwanza. Mboga za majani zikafuata mezani, kidogo kidogo, zikiwa zimeiva sana. Maharage yalirudi mwisho, kijiko kimoja juu ya wali, na shemeji akiwa amekaa pembeni na bilauri yake ya mgando, anasubiri nimpe ushindi.