Chokoleti Yenye Chumvi Tumboni

Jumamosi iliyopita, nikiwa kwenye foleni ya kulipia katika duka la vyakula hapa Pennsylvania, nilichukua pakiti ya M&M's za pretseli (tembe za chokoleti zenye ganda la sukari la rangi), aina iliyoingia madukani Marekani mwaka 2010 lakini ambayo kwa miaka yote nimekuwa nikiipita, kwa kuwa mkono wangu umezoea zile za karanga. Hizo za karanga zilitoka mwaka 1954, na sikuwahi kuona sababu ya kuzisaliti.

Pretseli, kwa asiyeifahamu, ni mkate uliosokotwa mfano wa fundo, ambao kabla ya kuokwa huchovywa katika maji makali ya magadi, na hayo ndiyo huipa ngozi yake rangi ya kahawia inayong'aa, kisha hunyunyiziwa chumvi ya chenga. Waliohamia huku kutoka Ujerumani ndio walioifanya kuwa chakula cha jimbo hili, na katika mji mdogo wa Lititz lingali lipo tanuri la Julius Sturgis, aliyeanza kuzioka kwa biashara mwaka 1861. Ndani ya M&M's hakuna fundo; kuna kidonge kidogo cha mkate huo mkavu, kilichovikwa chokoleti ya maziwa na kufunikwa kwa ganda la sukari la rangi.

Ya kwanza niliimumunya, na hapo nilikosea. Ganda liliyeyuka, chokoleti ikafuata, na nilipofika kwenye mkate ulikuwa umekwisha kulowa kama biskuti iliyosahauliwa ndani ya kikombe cha chai, huku chumvi ikija peke yake, imechelewa. Ya pili niliitafuna mara moja. Ganda lilipasuka, mkate ukavunjika kwa mlio mkavu kuliko wa karanga, na chumvi ikakutana na chokoleti ingali nzito mdomoni. Utamu ambao kwa kawaida hunikinaisha baada ya tembe tano ulitulia, nami nikajikuta nimefika ya kumi na mbili. (Nilihesabu, kwa sababu nilikusudia kuandika.)

Sisi tuliokulia Tanga hatuhitaji kufundishwa kwamba chumvi na sukari huelewana, maana tumekula embe bichi kwa chumvi na pilipili tangu utotoni. Chumvi kidogo hufifisha uchungu, na uchungu ukipungua ulimi huuona utamu vizuri zaidi. Tofauti ni kwamba kwenye embe chumvi hukaa nje, hugusa ulimi kwanza, na mlaji hujipimia mwenyewe. Hapa imefichwa katikati, na kwa kipimo cha kiwanda ambacho kwangu ni cha woga. Chokoleti yenyewe pia ina sukari nyingi mno. Kama wangetumia ile nyeusi, chungu kidogo, chumvi ingepata kazi ya kufanya.

Kwa kuwa uchungu haukuwamo kwenye pakiti, niliuleta mwenyewe: jioni nilichemsha kahawa chungu yenye tangawizi, nikaweka tembe hizo kwenye kisahani mahali ambapo nyumbani pangekaa kashata, nikawa natafuna moja kwa kila funda. Kahawa ililainika, na chumvi ilisikika waziwazi kuliko asubuhi. Kashata ingali mbele, lakini zile za karanga sasa zina mshindani.